Mtoto ameanza kuvuka uzio wa kitanda chake: tumhamishe sasa au tusubiri?

“Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3. Tangu akiwa mchanga analala kwenye kitanda chake cha uzio, chumbani kwake, na usingizi wake haujawahi kunipa shida: saa mbili usiku ninamlaza, saa kumi na mbili asubuhi anaamka. Wiki iliyopita nilimkuta ametundika mguu juu ya uzio. Juzi akafanikiwa kuvuka, akaanguka. Alilia kidogo akanyamaza, hakupata jeraha. Nina mimba ya miezi sita, na kitanda hicho tulipanga kiwe cha mdogo wake. Mume wangu anasema ahamishwe leo hii. Mama yangu anasema bado mdogo mno, akipewa kitanda cha wazi atazurura nyumba nzima usiku. Nimsikilize nani, na tukimhamisha tufanyeje?”

Mama, kwa kuwa mtoto ameshavuka na kuanguka, habari ya “lini” imekwisha: ahame sasa, usingoje wiki ijayo. Hapo mume wako yuko sahihi. Lakini mama yako naye ameona jambo la kweli. Ukiondoa uzio utapata mtembezi wa usiku, na sehemu kubwa ya jibu langu itahusu hilo, maana kupanga kitanda kipya ni kazi ya mchana mmoja, ila kumzoeza mtoto wa miaka 2 kubaki kitandani bila kuzuiwa na chochote ni kazi ya majuma.

Nianze na kule kuanguka kwa juzi. Mtoto aliyelia papo hapo, akanyamaza, na tangu hapo anacheza na kula kama kawaida yake, mara nyingi hana la kuogopewa. Hata hivyo endelea kumwangalia kwa siku mbili hizi. Akitapika zaidi ya mara moja, akiwa mzito wa kuamka kuliko alivyozoea, akiyumba anapotembea, akipata degedege, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au akiwa na kilio kisichotulizika, mpeleke hospitali bila kungoja kupambazuke. Mtoto aliyezimia baada ya kuanguka, hata kwa muda mfupi, apelekwe saa ileile.

Kwa nini nasisitiza kwamba hakuna kusubiri? Kwa sababu kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake, na anapovuka uzio mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia, kutoka kimo kinachokaribia urefu wake mwenyewe. Uchambuzi wa kumbukumbu za vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba watoto wapatao 9,500 wa chini ya miaka 2 walikuwa wakitibiwa kila mwaka kwa ajali za vitanda vya uzio na vifaa vinavyofanana navyo. Theluthi mbili ya ajali hizo zilikuwa ni kuanguka. Mtoto aliyevuka mara moja ameshaijua njia. Hatasahau, na mara ya pili huwa mwepesi zaidi.

Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani inatoa kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukitumia nyumbani: mtoto aache kitanda cha uzio akifikia urefu wa sentimita 89, au pale anaposimama juu ya godoro na ukingo wa uzio ukamfika kwenye usawa wa chuchu, yaani chini ya robo tatu ya urefu wake. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani hufika sentimita 89 akiwa na miaka 2 na miezi miwili au mitatu. Huo ndio umri wa mwanao. Kwa hiyo hajakiuka kitu, wala wewe hukuzembea. Amekua tu, na kitanda kimebaki palepale.

Najua wapo wazazi ambao mtoto wao amejaribu tu na hajafanikiwa, nao watataka kupata muda kidogo. Hao nawaambia hivi: godoro lishushwe hadi ngazi ya chini kabisa ya kitanda, midoli mikubwa na mito itolewe ndani kwa sababu ndiyo anayoikanyagia, na kitanda kisogezwe mbali na kabati au meza ambayo anaweza kuishika akajivuta. Mfuko wa kulalia, ule unaovaliwa kama gauni lililofungwa chini, humzuia asiinue mguu hadi juu. Mara nyingi hatua hizo zinatosha kukupa miezi kadhaa. Ila msifunike kitanda kwa wavu au hema la kumzuia mtoto asitoke. Watoto wamenaswa humo, wengine shingoni, na hakuna daktari wa watoto atakayekushauri kitu hicho. Chandarua cha mbu ni jambo jingine, alimradi kimetandazwa vizuri na hakina kamba inayoning’inia karibu na mtoto.

Sasa nije kwa mama yako. Anaposema mtoto bado mdogo, hasemi kwa woga wa kizamani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watoto karibu 2,000 wenye umri wa miezi 18 hadi 36 katika nchi tano, zikiwemo Marekani, Uingereza na Australia. Wazazi ambao watoto wao bado walilala kwenye vitanda vya uzio waliripoti kwamba watoto hao huingia kulala mapema zaidi, huchukua muda mfupi kupata usingizi, huamka mara chache usiku na kulala saa nyingi zaidi kuliko wenzao waliokwisha kuhamia vitanda vya wazi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kitanda ndicho chanzo cha yote, maana huenda baadhi ya watoto walihamishwa kwa sababu tayari walikuwa hawalali vizuri. Lakini unaafikiana na tunachokijua kuhusu akili ya mtoto. Kukaa mahali kwa sababu umeambiwa ukae, wakati miguu inaweza kukupeleka kwa mama, kunahitaji kujizuia, na uwezo huo katika umri wa miaka 2 ndiyo kwanza unachipuka. Ukikaribia mwaka wa tatu unakuwa umekomaa zaidi. Mpaka sasa uzio ulikuwa unafanya kazi ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuifanya. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mzazi ambaye mtoto wake hapandi, analala vizuri na bado hajafikia kipimo cha urefu ni kumwacha pale alipo, hata kama majirani wote wameshanunua vitanda vidogo vyenye umbo la gari. Umri peke yake si sababu ya kumhamisha, na kuja kwa mtoto mwingine, kwa maoni yangu, pia si sababu.

Hilo la mdogo wake nilifafanue kidogo, kwa sababu familia nyingi zinaharakishwa nalo. Mtoto mchanga anashauriwa alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya kwanza. Katika miezi ya mwanzo susu ndogo inamtosha. Kwa hiyo hata kama mnacho kitanda kimoja tu cha uzio, hamkihitaji siku ya kujifungua. Mkubwa asiyepanda angeweza kukitumia mpaka mdogo awe na miezi mitatu minne. Mwanao hana nafasi hiyo kwa sababu anavuka, lakini bahati yenu ni kwamba mna miezi mitatu kabla ya kujifungua, na muda huo unatosha kitanda kipya kizoeleke kabla mtoto hajaja. Kitu cha kuepuka ni kuhamisha wiki ileile ya kujifungua. Mkubwa ataona amefukuzwa kitandani kwake, na ataona waziwazi ni nani aliyesababisha.

Kuhusu kitanda chenyewe sitasema mengi. Baadhi ya vitanda vya uzio vimeundwa upande mmoja utolewe, na hiyo ni njia nzuri kwa asiyehitaji kumpisha mtoto mwingine. Vipo vitanda vidogo vya watoto vinavyopokea godoro lilelile la kitanda cha uzio. Vingi havifai mtoto wa chini ya miezi 15 wala mwenye uzito unaozidi kilo 22 hivi. Mimi, katika hali yenu, ningechagua njia rahisi kuliko zote: godoro gumu kiasi, liwekwe chini sakafuni au juu ya fremu fupi sana. Mtoto akibingirika ataanguka sentimita chache tu, na mkeka au blanketi lililokunjwa pembeni linatosha. Godoro la sakafuni liinuliwe kila asubuhi na kuegemezwa ukutani lipate hewa, kwa sababu jasho likikaa chini yake huzaa ukungu.

Mkichagua kitanda cha juu kidogo, mtafikiria kizuizi cha pembeni, kile cha kuchomekwa chini ya godoro. Hapo nina tahadhari. Kizuizi hicho kisitumike kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na hata kwa mkubwa zaidi kibanwe vizuri kisiache nafasi kati yake na godoro, kwa sababu mwili wa mtoto ukiteleza humo kichwa hubaki juu kimenaswa. Hatari hiyohiyo ipo kati ya godoro na ukuta. Kitanda kikae sambamba na ukuta kabisa bila mwanya, au kikae mbali nao. Ile nafasi nyembamba ya katikati ndiyo mbaya. Kitanda cha ghorofa, upande wa juu, ni cha watoto waliotimiza miaka 6.

Sasa chumba, na hapa naomba uniandalie muda. Uzio ulipokuwepo, ulihitaji kuhakikisha usalama wa eneo dogo tu lililo ndani ya kitanda. Kuanzia usiku wa kwanza wa kitanda cha wazi, mwanao ana chumba kizima mikononi mwake, saa saba za usiku, huku nyinyi mmelala. Chukulia kwamba chumba chote sasa ndicho kitanda chake. Piga magoti, uingie humo kwa kutambaa, utazame kwa macho yaliyo kwenye kimo chake.

Utakachokiona kwanza ni kabati la droo. Mtoto huvuta droo moja baada ya nyingine akazigeuza ngazi, na kabati lote humwangukia. Kila samani ndefu, pamoja na televisheni kama imo, ifungwe ukutani kwa vyuma na skrubu. Kuegemeza hakutoshi, na uzito wake ndio unaoifanya iue. Kisha dirisha: kitanda, kiti na sanduku la midoli viwe mbali nalo, na dirisha lizuiwe lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Wavu wa kuzuia mbu dirishani haumzuii mtoto, unachomoka naye. Kamba za mapazia zifupishwe au zifungwe juu kabisa, mbali na anapofikia akisimama kitandani, kwa sababu kitanzi cha kamba hukaba shingo kimyakimya, hutasikia kelele chumba cha pili. Soketi zifunikwe. Dawa zote, hata mafuta ya kuchua na vidonge vyako vya ujauzito, ziwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Vidonge vya madini ya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo, na katika nyumba yenye mjamzito ndivyo vinavyokaa mezani kila siku. Betri ndogo za duara zilizo kwenye rimoti na midoli ya taa nazo zitafutwe zote. Ikimezwa na kukwama kwenye umio, betri hiyo inaweza kuunguza nyama ya ndani katika saa mbili tu.

Halafu fikiria mlango. Akitoka, anafika wapi? Bafuni kuna ndoo ya maji? Mtoto mdogo huzama katika maji ya sentimita chache, kwa hiyo ndoo zimwagwe kabla ya kulala na mlango wa bafu ufungwe. Jikoni pawe na komeo la juu, na mlango wa nje pia. Kama kuna ngazi, wekeni geti dogo lililofungwa ukutani kwa skrubu, hasa upande wa juu, kwa kuwa yale ya kubana tu yanaweza kusukumwa yakaanguka pamoja na mtoto.

Wazazi wengine wanaona suluhisho ni kumfungia mlango kwa ufunguo. Nawasihi wasifanye hivyo. Moto ukizuka, mlango uliofungwa kwa ufunguo ni dakika ambazo hamna, na mtoto aliyeamka gizani akakuta mlango haufunguki atajifunza kukiogopa chumba chake. Geti dogo mlangoni linafanya kazi nzuri zaidi: anawaona, anawasikia, mnamsikia, na bado hawezi kuzurura. Kwa familia yenu ningeliweka tangu usiku wa kwanza, na hapo hofu ya mama yako inapungua sana. Ila kama aliweza kuvuka uzio wa kitanda, geti fupi nalo ataliruka, hivyo tafuteni refu kuliko usawa wa kifua chake na msiache kitu cha kukanyagia karibu.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Badilisha kitanda, usibadilishe kingine chochote. Chumba kilekile, saa mbili ileile, shuka analolijua, mwanasesere au kitambaa anacholala nacho, mpangilio uleule wa kuoga, kuvaa, hadithi na kulala. Mchana wake mshirikishe: abebe mto wake mwenyewe, apange wanasesere, mkae hapo msome kitabu. Usikifanye kitanda sherehe kubwa ya siku tatu, kwa sababu mtoto aliyepandishwa hamasa hivyo hatalala, na akishindwa usiku wa kwanza atahisi amewaangusha. Kitanda kisitumike pia kama adhabu. Neno “ukirudia nitakupeleka ukalale” litaharibu kazi yote.

Anzeni kwa usiku na usingizi wa mchana siku ileile, bila kumrudisha kwenye uzio kwa mojawapo. Kumchanganya kunamchelewesha, na kwa aliyekwisha kuvuka, uzio wa mchana una hatari sawa na wa usiku.

Atatoka. Huenda asitoke usiku wa kwanza, kwa sababu watoto wengi hukaa siku kadhaa bila kutambua kwamba sasa wanaweza, na wazazi hufurahi mapema. Kisha anagundua. Anakuja sebuleni akitabasamu, au anasimama getini anaita. Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa, na kinaamuliwa na nyinyi zaidi kuliko yeye.

Mara ya kwanza mwambie kwa sauti ya chini: “Sasa ni muda wa kulala. Usiku mwema.” Mshike mkono, mrudishe, mfunike, ondoka. Mara ya pili na zinazofuata mrudishe vilevile lakini bila maneno, bila hasira, bila kicheko, bila kumtazama sana usoni. Mtoto wa miaka 2 anapenda kuzungumziwa, na hata kugombezwa kwake ni mazungumzo. Usiku wa kwanza mnaweza kumrudisha mara nyingi hadi mkate tamaa. Tafadhali msikate. Ukimrudisha mara tisa, na ya kumi kwa uchovu ukamwingiza kitandani kwako, amejifunza kwamba mara kumi ndiyo bei, na kesho atailipa bila kulalamika. Tabia inayolipwa siku moja moja hukomaa kuliko inayolipwa kila siku, na ni ngumu zaidi kuing’oa. Kama familia yenu inapenda kulala na mtoto kitanda kimoja, hilo ni chaguo lenu na lina njia zake salama kwa umri huu, ila lichaguliwe mchana mkiwa na akili zilizotulia, lisizaliwe saa nane usiku kwa kushindwa.

Wewe ni mjamzito, kwa hiyo usimbebe kumrudisha. Mwongoze kwa mkono. Ningependa zaidi baba ndiye ashike zamu ya kurudisha, angalau wiki mbili za mwanzo. Kuna faida ya pili kubwa hapo: mtoto akija, wewe utakuwa unanyonyesha usiku, na mkubwa atakuwa ameshazoea kwamba baba ndiye anayekuja. Mkubaliane maneno na mkubaliane kikomo kabla ya usiku kuanza, maana mtoto huyu atajua ndani ya siku mbili ni nani mlaini.

Tofautisha kujaribu na kuogopa. Anayejaribu anakuja kwa furaha, anaomba maji, anaomba hadithi nyingine, macho yanang’aa. Anayeogopa anatetemeka, anakung’ang’ania, analia ukimwachia. Huyo usimrudishe kimya. Kaa kwenye kiti kando ya kitanda mpaka asinzie, na kila baada ya siku tatu nne sogeza kiti karibu zaidi na mlango mpaka utoke nje. Taa hafifu yenye mwanga wa rangi ya joto inasaidia. Mwanga mweupe mkali humchangamsha.

Asubuhi msifie kwa jambo mahususi: “Umelala kitandani kwako mpaka jua limetoka.” Hilo lina nguvu kuliko zawadi. Kwa waliotimiza miaka 3 na zaidi kuna mbinu iliyochunguzwa tangu mwaka 1999 ninayoipenda sana: mtoto hupewa kadi moja anapolala, na anaweza kuitoa kwa ombi moja tu la usiku huo, maji au kumbatio. Akishaitumia, mzazi anaichukua na hakuna ombi jingine. Inamwachia mtoto mamlaka kidogo, na wengi huishia kuibana kadi mpaka asubuhi. Kwa mwanao bado mapema, hataielewa hesabu yake.

Tazama pia saa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilipendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na wa mchana, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 na 4. Mwanao analala saa kumi usiku, kwa hiyo usingizi wa mchana wa saa moja na nusu au mbili bado anauhitaji. Lakini ukimwacha alale mchana hadi saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku atakuwa na nguvu zote za kutembea, na mtafikiri kitanda ndicho kibaya. Aamshwe ifikapo saa tisa alasiri au hapo karibu. Katika wiki za mwanzo usingizi wa mchana ndio unaoyumba zaidi. Asipolala, abaki chumbani kimya na vitabu kwa muda huo, na usiku huo mlaze mapema kwa nusu saa.

Akiamka alfajiri saa kumi na moja, mrudishe kwa njia ileile ya usiku. Msiwashe televisheni “kwa leo tu”.

Katika miezi hii mitatu msimpangie mageuzi mengine. Kuacha nepi, kuacha chuchu ya mpira, kuanza shule ya awali, kubadilisha chumba, kila kimoja kina siku yake. Mkiona wiki mbili tatu zimepita na bado ni patashika kila usiku, angalieni kwanza kama nyote mnafanya jambo moja, kisha saa ya kulala. Na mtoto akizaliwa tarajieni mkubwa arudi nyuma kidogo, aanze tena kutoka chumbani. Rudieni kumrudisha kama mwanzo. Mara ya pili huwa fupi.

Daktari aonwe kama mtoto anakoroma usiku mwingi, kama anashtuka akitafuta pumzi au anasimama kupumua kwa sekunde kadhaa, au kama miguu inamsumbua kiasi cha kutotulia kitandani. Kitanda cha wazi hakisababishi hayo, ila mara nyingi ndicho kinachoyafichua.

Kitanda cha uzio kitoeni chumbani mara tu mnapomhamisha, kifunguliwe na kuwekwa mahali asipokiona. Kikikaa tupu pembeni yake ataomba kurudi, na kikirudi baada ya miezi kadhaa hatakiona tena kuwa chake. Mkija kukifunga upya kwa ajili ya mchanga, hakikisheni skrubu zote zipo na zimekazwa, nafasi kati ya fito haizidi sentimita 6, na godoro linajaa fremu kiasi kwamba vidole viwili haviingii pembeni. Kama upande wake mmoja ni wa kushuka na kupanda, msimpe mchanga kabisa. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa vitanda vya aina hiyo mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto walionaswa. Godoro lirudi ngazi ya juu kwa miezi ya mwanzo, na lishushwe kabla hajaanza kusimama. Ndani liwe na shuka lililobana tu, bila mto, bila blanketi, bila sponji za pembeni, na bila mwanasesere wowote ambao kaka yake, kwa mapenzi yake, atataka kumtupia humo. Mpe mkubwa kazi nyingine ya kumsaidia mdogo, kama kuleta nepi, na umwambie mapema kwamba ndani ya kitanda cha mtoto hakiingii kitu.